Mrija wa Mbegu Ulioziba: Mshono Upi Unamfaa Mgonjwa wa Kisangani? (Sehemu ya Pili)

Sehemu iliyotangulia ilieleza hali ambayo korodani hutengeneza mbegu kama kawaida, lakini shahawa hutoka bila mbegu hata moja kwa sababu njia imeziba. Sehemu hii inalinganisha mishono miwili inayofanywa chini ya hadubini ya upasuaji: vasovasostomia, ambayo huunganisha upya ncha mbili za mrija wa mbegu, na vasoepididimostomia, ambayo huuvusha mrija huo mahali palipoziba na kuushonea kwenye epididimisi, yaani kineli kilichojikunja nyuma ya korodani, ambacho kikinyooshwa hufikia urefu wa takriban mita 6.

Mshono wa kwanza ndio unaosifiwa zaidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1991, uliohusu wanaume 1,469, ulionyesha kwamba mbegu zilirudi kwa asilimia 97 ya waliofanyiwa upasuaji kabla ya miaka 3 kupita tangu njia ifungwe, na kwa asilimia 71 pale miaka 15 au zaidi ilipokuwa imepita. Hata hivyo, wanaume hao walikuwa wamefunga uzazi kwa hiari, na kwa hiyo takwimu hizo hazifai kuhamishiwa Kisangani bila tahadhari.

Tshopo, jimbo la Kongo ambalo Kisangani ni makao yake makuu, imo katika ukanda wa Afrika ya Kati ambao uchunguzi wa idadi ya watu wa 1955–1957 uliuonyesha kuwa na wanawake wengi wasio na mtoto, jambo ambalo mtaalamu Anatole Romaniuk alilihusisha hasa na magonjwa ya zinaa. Lawama ziliwaangukia wanawake, na bado huwaangukia isivyo haki, ingawa kisonono, ambacho huziba mirija ya uzazi ya mwanamke, huacha pia kovu katika epididimisi ya mwanamume. Kovu likiwa hapo, kuunganisha mrija peke yake hakusaidii kitu, na mshono wa pili, ulio mgumu zaidi, ndio unaohitajika.

Ugumu wake unatokana na udogo wa kineli, ambacho upana wake ni kama sehemu ya tano ya milimita, na ambacho hushonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Zamani ncha zilishonwa uso kwa uso. Mwaka 1998 Richard Berger alieleza namna ya kukiingiza kineli ndani ya tundu la mrija kwa nyuzi tatu, na mwaka 2003 Peter Chan, Philip Li na Marc Goldstein wakaeleza namna ya kutumia nyuzi mbili tu, zikipitishwa kwa urefu wa kineli, ili kipasuliwe tundu kubwa zaidi bila kukatika. Mbinu hii ya mwisho inastahili kupewa nafasi ya kwanza, kwa kuwa nyuzi chache hupunguza majeraha, na umajimaji unaotoka hukisukuma kineli kwenye ukuta wa mrija na kuubana mshono.

Kabla ya yote hayo shahawa za mume zipimwe, kipimo kinachohitaji hadubini ya kawaida ya maabara, na maambukizi yatibiwe. Baada ya vasoepididimostomia mbegu huweza kuchelewa kuonekana hata mwaka mzima, na kwa hiyo kipimo kimoja kisicho na mbegu katika miezi ya mwanzo hakitoshi kuwaambia mume na mkewe kwamba upasuaji umeshindwa.