Zamu za Maji Ziandikwe

Tunapokaa barazani na ndugu zetu wa Visiwani, jioni baada ya kazi, mara nyingi hutuuliza sisi tuliotoka Same kwetu kuna nini. Wengi wao wamepapita wakiwa safarini kwenda Moshi au Arusha, na wanachokumbuka ni upepo, vumbi na milima iliyosimama kando ya barabara. Swali lao ni la haki, na leo tungependa kulijibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu jibu lake linawahusu pia viongozi na watendaji wa Serikali.

Same ni mji wa tambarare kavu, chini ya Milima ya Upare ya Kusini. Milima hiyo inapanda hadi kilele cha Shengena, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,400, ambako msitu wa Chome hunasa ukungu na mvua. Sisi tuliokaa chini tuliyaona mawingu yakipita tu. Kama mtoto wa Pemba atazamavyo bahari apate kujua iwapo baba yake atarudi na samaki, ndivyo sisi tulivyoutazama mlima tupate kujua iwapo maji yatashuka.

Asubuhi tulikwenda shule ya msingi, ufagio mkononi na kidumu cha maji kichwani. Alasiri tulikwenda chuoni, tukasoma Juzuu Amma kwa sauti moja chini ya mwarobaini. Jirani zetu walikuwa Wasabato na Walutheri, na sote tulikula makande ya sufuria moja. Reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, ilipita mjini kwetu, na honi ya garimoshi ndiyo iliyokuwa saa yetu. Lakini wakati wa likizo, tulipopelekwa kwa mabibi zetu milimani, ipo sauti nyingine iliyotuamsha. Nayo ni mbiu ya pembe iliyoita watu kwenye msaragambo.

Msaragambo ni kazi ya pamoja ya Wapare. Mbiu ikilia, kila kaya hutoa mtu: barabara itengenezwe, shule ipandishwe ukuta, na zaidi ya yote, ndiva isafishwe. Ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa ubavuni mwa mlima. Maji ya kijito huelekezwa humo kwa mfereji usiku kucha, na kunapokucha lango hufunguliwa, maji yakashuka kwa nguvu hadi shambani kwa mwenye zamu. Bila ndiva, kijito chembamba hunywewa na mchanga kabla hakijafika popote.

Tunakumbuka kwamba siku ya msaragambo haikuwekwa Ijumaa, wala Jumamosi, wala Jumapili. Wazee walikwisha kukubaliana hivyo, na hapakuhitajika hotuba ya kutufundisha kuheshimu dini ya mwenzetu. Tunakumbuka pia, na hapa hatutaki kupamba, kwamba kina mama walibeba tope kwa vikapu tangu alfajiri, lakini majina yao hayakutajwa zamu zilipogawiwa. Hilo lilikuwa kosa, na kulikumbuka ni sehemu ya kulirekebisha.

Kwani kina mama hao hawakuwa watu wa kunyamaza. Mkoloni alipowaletea Wapare kodi ya kukadiria mali ya kila mtu, maelfu ya watu waliteremka milimani mwaka 1945 wakapiga kambi Same, makao ya wilaya, wakasema hawaondoki. Mwaka uliofuata kina mama wa Usangi walijitokeza wenyewe kuipinga. Mwaka 1947 kodi hiyo ikaondolewa. Tukio hilo huitwa Mbiru, na mwenye kufikiri ataona kwamba umma uliozoea kuitikia mbiu ya ndiva haukushindwa kuitikia mbiu ya haki. Nasi leo tunayajua hayo kwa sababu mwana wa Upare, Profesa Isaria Kimambo, alikwenda kuwauliza wazee wangali hai, akaandika historia yao katika kitabu kilichotoka mwaka 1969, na mwaka 1971 akaandika juu ya Mbiru yenyewe.

Ndiva hazijapata mwandishi wa namna hiyo katika kila kijiji, na hapa ndipo penye uchungu wetu.

Miaka kadhaa iliyopita tulirudi kijijini wakati wa kiangazi. Ndiva tuliyoizoa tope utotoni ilikuwa imejengwa upya kwa mawe na saruji. Kazi ilikuwa nzuri, na hatuna neno na mafundi. Wataalamu walipima kina, wakapima ukuta, wakapima mfereji. Jambo moja hawakuliuliza: zamu. Kamati mpya iligawa maji kwa kufuata orodha ya waliohudhuria mkutano, na wenye mashamba ya mwisho wa mfereji, ambao habari za mkutano hazikuwafikia, wakajikuta hawamo. Mahindi yao yakakauka yakiwa yamefika kiunoni. Usiku mmoja watu wakakutana penye lango la ndiva na mapanga mikononi, ndugu kwa ndugu.

Aliyezuia damu isimwagike ni mzee mmoja aliyekuja akiongozwa na mjukuu wake, macho yamekwisha kufifia. Alikaa juu ya ukuta ule mpya akaanza kuzitaja zamu tangu enzi za babu yake, ukoo kwa ukoo, siku kwa siku, pamoja na zamu zilizobadilishwa na sababu ya kubadilishwa. Kulipopambazuka hapakuwa na wa kumbishia. Mzee huyo amekwisha kufariki. Aliyoyasema usiku ule hayakuandikwa na mtu yeyote. Hata sisi, tuliokuwapo na kalamu mfukoni, hatukuandika.

Hapana budi tuseme wazi kwamba hatupingi maendeleo. Mwaka 2025 ulizinduliwa mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaovuta maji kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, na kila aliyebeba kidumu utotoni ana sababu ya kushukuru. Lakini bomba la kunywa halimwagilii mahindi ya mlimani. Mahindi hayo yangali yakitegemea ndiva, na ndiva hutegemea mapatano ya watu.

Tunapendekeza basi mambo matatu, na yote hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kila serikali ya kijiji chenye ndiva ifungue daftari, yaandikwe humo jina la ndiva, mipaka ya mfereji, zamu zote na majina ya wenye mashamba, wanaume kwa wanawake, kisha daftari lisomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Pili, walimu wawatume wanafunzi kwa wazee, wakayaandike wanayoyasikia. Tatu, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imekwisha kuzipa nafasi jumuiya za watumiaji maji. Maofisa wanaoziunda waanze kwa kuuliza zamu za zamani kabla ya kuandika mpya.

Na ndugu zetu wa Visiwani wasidhani hili ni la milimani peke yake. Kila kijiji kina mzee ajuaye mpaka wa shamba, haki ya kisima, au desturi ya dago la wavuvi, naye hatukai naye milele. Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Safari hii jambo lenyewe ni dogo: kalamu, daftari, na nusu siku ya kukaa na mzee kabla hajatutoka.