Vidonge vya Usingizi na Upweke wa Watu Mashuhuri

Judy Garland, mwigizaji na mwimbaji mashuhuri wa Marekani, alifariki mjini London tarehe 22 Juni 1969, akiwa na umri wa miaka 47. Uchunguzi ulithibitisha kwamba alizidisha vidonge vya usingizi vya jamii ya babiturati pasipo kukusudia. Je, mtumiaji wa miaka mingi hukoseaje kipimo? Ubongo huizoea dawa, hata usingizi ukahitaji vidonge vingi zaidi. Lakini kiasi kiwezacho kusimamisha pumzi hakiongezeki kwa kadiri hiyo. Upweke wa mtu mashuhuri huzidisha hatari: huzungukwa na wengi, lakini ni wachache wathubutuo kumkataza. Aliyekwisha kuzoea vidonge hivyo asiache ghafla, maana huenda akapatwa na mishtuko kama ya kifafa. Apunguziwe na daktari hatua kwa hatua.