Nyumba ya Dende Mbele ya Dende



Mwezi huu tunasema juu ya mnyama mdogo anayejulikana sana mu Kivu: dende. Wengine wanamwita kobayi. Asili yake ni milima ya Peru na Bolivia, ambako watu wanamfuga kwa ajili ya nyama tangu miaka maelfu. Hana mkia, hawezi kupanda ukuta, na mtoto wa miaka kumi anaweza kumlisha. Wakati wa vita, kuanzia 1996, watu wengi wa Kivu walinyanganywa ngombe na mbuzi. Lakini dende anafichwa chini ya kitanda, anabebwa mu kikapo, na safari inaendelea.

Ninyi munaokaa karibu na mine munajua maisha yetu. Siku shimo linatoa kitu, kuna bukari na samaki. Siku halitoi, mtoto anarudishwa ku masomo sababu ya minervali, na kesho yake munamwona ku mto, anasafisha mchanga pamoja na wakubwa. Dende hawezi kulipa kila kitu, tusidanganyane. Lakini anaweza kulipa daftari na sabuni, na mara kwa mara anatia nyama mu sahani ya watoto.

Basi, kwa nini wengi wanaanza na dende na kisha miezi michache hawana hata mmoja? Mara nyingi ni sababu moja: walinunua mnyama, hawakujenga nyumba. Waliwaacha wote chini mu jiko. Usiku panya anakamata watoto. Mchana paka anapita. Moshi unawaumiza kifua, maji ya kunawa sahani yanawalowesha, na dume anapanda mama yake na dada zake. Kwa hiyo tunasema: nyumba kwanza, mnyama nyuma.

VYOMBO

Haiko kazi ya fundi mkubwa. Tafuteni mabaki ya mbao ama mianzi, nyundo, msumeno, misumari, griyaji yenye matundu madogo, na kipande cha mpira wa gari wa zamani. Mpira ule mukiukata vipande viwili na kuvipiga misumari, mlango unafunguka na kufungika vizuri.

Lakini angalieni sana jambo moja. Hapana kutumia fito ama mifuko iliyobeba dawa za mine, asidi ama zebaki, hata kama inaonekana safi. Hapana mbao zilizokunywa mafuta ya mashine. Dende anatafuna mbao kila siku, sababu meno yake hayaachi kuota. Kile anachokula yeye, kesho watoto wenu watakikula mu nyama yake.

VIPIMO

Tunaanza na dume mmoja na majike wanne, wasizidi pale. Fanyeni sanduku la urefu metre moja na nusu, upana metre moja, na kimo cha centimetre 45. Ndani yake pigeni ukuta wa mbao. Upande mmoja unabaki chumba kikubwa cha metre moja kwa metre moja. Upande wa pili unabaki chumba kidogo cha nusu metre. Kila chumba na mlango wake. Musidharau chumba kile kidogo, tutaona kazi yake.

Sakafu iwe ya mbao zilizokaribiana sana. Wengine wanaacha nafasi kusudi mavi yaanguke, na mguu wa mtoto wa dende unaingia pale na kuvunjika. Tandikeni majani makavu, na muyabadilishe mara mbili kwa juma. Yale ya zamani musiyatupe: ni mbolea nzuri ya lenga-lenga na mboga zingine.

Sanduku lisimame juu ya miguu minne, kimo cha goti la mtu mkubwa. Kila mguu muutie mu kopo lenye mafuta machafu ya gari, kusudi siafu wasipande. Wakiingia usiku mumoja tu, asubuhi hamtakuta kitu. Makopo yale yakae mbali na mikono ya watoto wadogo.

Mbele tieni griyaji, hewa ipite. Nyuma na pembeni mufunge kwa mbao, upepo usiwapige. Juu, majani ya nyasi ni mazuri kupita manjanja, sababu manjanja yanashika jua, na dende anakufa upesi na joto. Ndani wekeni chungu kilichovunjika ama kisanduku chenye milango miwili, wapate mahali pa kujificha. Mnyama ambaye anaogopa saa zote hanenepi.

KAZI YA CHUMBA KIDOGO

Jike anabeba mimba siku karibu 65, kisha anazaa watoto wawili mpaka wane. Wanazaliwa na manyoya, macho wazi, na upesi wanaanza kuonja majani. Wananyonya majuma matatu. Juma la tatu likiisha, ondoeni watoto wadume, muwatie mu chumba kidogo. Musingoje. Jike mdogo anaweza kushika mimba akiwa na mwezi mmoja tu, na mwili wake haujakomaa kwa kuzaa.

Majike wadogo nao wasikae na baba yao. Muwauze ama muwabadilishane na jirani. Na dume mwenyewe, mubadilishane naye na mtu wa kartieri ingine mbele binti zake hawajakuwa wakubwa. Damu ikirudia-rudia mu jamaa moja, watoto wanakuwa wadogo, wazaifu, na wanakufa ovyo. Hapo mtu anasema amelogwa, kumbe ni kukosa ukuta wa mbao.

Dende mgeni akifika, akae peke yake majuma mawili, muone kama hana ugonjwa.

CHAKULA

Mwili wa dende hautengenezi vitamini C, sawa na mwili wetu. Kwa hiyo majani mabichi ni ya lazima kila siku: nyasi, matembele, majani ya mahindi, ngozi za karoti. Majani ya muhogo mabichi, ya avoka na ya viazi vya kizungu ni sumu kwake. Maji safi yasikose, hata kama watu wanasema dende hanywi.

Tena, angalieni pa kukata nyasi. Hapana karibu na mahali wanaposafisha zahabu kwa zebaki. Hapana kando ya barabara ya magari ya mine, pale nyasi zimegeuka rangi kwa vumbi. Afazali mtoto atembee mbali kidogo.

KWA VIJANA

Wewe kijana unayesoma ukurasa huu, huhitaji kungoja pesa nyingi. Jumamosi moja inatosha kukusanya mbao, na ingine kupiga misumari. Kisha kata ubao mdogo, uandike kwa makaa siku jike alipopewa dume, siku alipozaa, na siku ya kutenga watoto. Ule ubao utundike ku sanduku.

Na ninyi wazazi, mtoto akijenga na kulisha, musiuze dende wake bila kumwuliza. Akiona kazi ya mikono yake inapotea bila neno, hatajenga tena, na njia ya kwenda ku shimo anaijua.