Kwa nini dawa ya maumivu inapunguka nguvu mwilini?

Tunapotembelea wagonjwa wa kansa nyumbani, mara nyingi jamaa wanasema: "Morfini ilimsaidia mwanzoni, sasa haimsaidii tena. Amekuwa mtumwa wa dawa." Kisha wanampunguzia kwa siri. Wapendwa, kabla ya kumnyima mgonjwa dawa, tuelewe kinachotendeka ndani yake.

Juu ya seli za ubongo, uti wa mgongo na matumbo kuna vipokezi. Kipokezi ni kama kufuli, na morfini ni ufunguo unaolingana nayo. Ufunguo ukiingia, seli inapunguza kupeleka habari ya maumivu. Lakini mwili haukubali kusukumwa upande mmoja kila siku. Dawa ikizidi kuja, seli inavifanya vipokezi visiitike sana, vingine inavivuta ndani, na kazi iliyozuiwa inaiongezea nguvu. Hivyo kipimo kilekile kinaleta nafuu ndogo. Tena mara nyingi si mazoea tu: ni uvimbe wenyewe umekua.

Dawa ikikatwa ghafula, ile nguvu iliyoongezwa inabaki bila kizuizi. Mgonjwa anatoka jasho, anahara, anaumwa viungo, anakosa usingizi. Hayo yanaweza kumpata yeyote aliyeitumia kwa majuma mengi, hata mzee wa kanisa. Utumwa wa dawa ni jambo lingine: ni kuitafuta hata inapoharibu maisha.

Ajabu ni kwamba mwili hauzoei kila kitu sawasawa. Usingizi na kichefuchefu hupungua baada ya siku chache, lakini matumbo karibu hayazoei kabisa. Kwa hiyo anayekunywa morfini kila siku anahitaji pia dawa ya kulainisha choo.

Hatari kubwa haisemwi vya kutosha: mazoea hupotea. Baada ya siku kadhaa bila dawa, vipokezi vinaanza kuitika tena. Mtu akirudia kipimo chake kikubwa cha zamani, pumzi inaweza kusimama. Vijana wanaomeza tramadoli wajue kwamba inagusa vipokezi vilevile, na kipimo kikubwa chaweza kuleta kifafa hata kwa aliyeizoea.

Basi mgonjwa aliyekosa morfini kwa siku kadhaa, kwa sababu ya kukimbia vita au chupa kuisha, aonane kwanza na muganga apimiwe upya. Asiendelee na kipimo alichoachia.