Sheria ya Bajeti ya Kaboni: Ahadi Inapogeuzwa Kuwa Hesabu

Tangu Mkataba wa Paris wa 2015, serikali nyingi duniani zimetangaza malengo ya kupunguza gesijoto. Malengo hayo kwa kawaida hutajwa kwa asilimia na kwa mwaka ulio mbali, na aghalabu kiongozi anayeyatangaza huwa amekwisha kuondoka madarakani mwaka huo unapofika. Baadhi ya nchi zimeona kuwa ahadi ya namna hiyo haitoshi. Nchi hizo zimeyaweka malengo katika sheria iliyopitishwa na Bunge na kuyagawa katika mafungu ya miaka michache michache, ambayo huitwa bajeti za kaboni.

Kwa wakaazi wa visiwa jambo hili lina uzito wa pekee. Katika Unguja na Pemba maji ya chumvi yameingia katika mabonde ya mpunga yaliyo karibu na pwani, na Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, ni miongoni mwa sehemu zilizoathirika. Gesi inayochangia kupanda kwa bahari hiyo, karibu yote imetoka katika nchi nyengine. Kwa hiyo ni vyema kufahamu namna nchi hizo zinavyojifunga, na fundo lenyewe lina nguvu kiasi gani.

Maana ya bajeti ya kaboni

Bajeti ya kaboni ni jumla ya gesijoto ambayo nchi inaruhusiwa kuiingiza angani katika kipindi maalumu, kwa mfano miaka mitano. Hupimwa kwa tani za hewa ukaa, na gesi nyengine kama methani hubadilishwa kwanza kuwa tani zinazolingana na za hewa ukaa kwa nguvu ya kupasha joto.

Sababu ya kuhesabu jumla, badala ya kutaja kiwango cha mwaka mmoja wa mwisho, ni kuwa hewa ukaa haipotei haraka. Sehemu kubwa ya ile iliyotolewa mwaka huu itakuwa bado ipo angani miongo mingi baadaye, ikijumlishwa na ya miaka iliyotangulia. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi lilieleza katika ripoti yake ya 2021 kuwa kila tani bilioni 1,000 za hewa ukaa huongeza joto la dunia kwa takriban nyuzi 0.45 za Selsiasi. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, kuanzia mwanzo wa 2020 dunia ilikuwa imebakiwa na tani bilioni 500 tu ili iwe na uwezekano wa asilimia 50 wa kutovuka ongezeko la nyuzi 1.5, wakati ambapo matumizi ya kila mwaka yalikuwa takriban tani bilioni 40.

Mfano mdogo unatosha kuonesha tafauti iliyopo. Tuseme nchi mbili zinatoa tani 100 kwa mwaka, na zote zimeahidi kufikia tani 50 katika mwaka wa kumi. Ya kwanza inapunguza tani tano kila mwaka. Jumla yake kwa miaka kumi ni tani 725. Ya pili haifanyi lolote kwa miaka tisa, kisha inashuka kwa ghafla katika mwaka wa mwisho. Jumla yake ni tani 950. Zote mbili zimetimiza ahadi, lakini ya pili imeongeza angani tani 225 zaidi ya mwenziwe. Lengo la asilimia halioni tafauti hiyo, ila bajeti huiona.

Sheria ya Uingereza ya 2008

Nchi ya kwanza kuuweka utaratibu huu katika sheria ya taifa ni Uingereza, kwa Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi iliyoidhinishwa tarehe 26 Novemba 2008. Mswada wake ulipata kuungwa mkono na vyama vyote vikubwa, na wabunge walioupinga katika hatua ya mwisho hawakuzidi watano.

Sheria hiyo inamtwika Waziri mwenye dhamana wajibu wa kuhakikisha kuwa ifikapo 2050 hesabu ya gesijoto ya nchi imepungua kwa kiwango kilichowekwa, ikilinganishwa na 1990. Awali kiwango hicho kilikuwa asilimia 80. Mwezi wa Juni 2019 kilibadilishwa kuwa asilimia 100, yaani gesi itakayotolewa isizidi ile itakayoondolewa angani kwa misitu na njia nyengine.

Kati ya sasa na 2050 zimewekwa bajeti za miaka mitano mitano. Kila bajeti lazima iwe imekwisha kuwekwa kabla ya Julai ya mwaka wa kumi na mbili kabla ya kuanza kwake. Muda huo mrefu umewekwa kwa makusudi. Mtambo wa umeme, njia ya reli au mtaa wa nyumba hauwezi kupangwa na kujengwa kwa mwaka mmoja, na mwenye mtaji anahitaji kujua mapema sheria itamtaka nini.

Bajeti ya kwanza, ya 2008 hadi 2012, iliruhusu tani milioni 3,018. Ya pili, hadi 2017, iliruhusu tani milioni 2,782, na ya tatu, hadi 2022, tani milioni 2,544. Ya nne, ya 2023 hadi 2027, ni tani milioni 1,950, na ya tano, hadi 2032, ni tani milioni 1,725. Bajeti ya sita, ya 2033 hadi 2037, iliyopitishwa 2021, ni tani milioni 965 tu, na ndiyo ya kwanza kuhesabu pia sehemu ya nchi hiyo katika usafiri wa kimataifa wa ndege na meli. Kwa wastani, bajeti ya kwanza ilikuwa sawa na tani milioni 604 kwa mwaka, na ya sita ni tani milioni 193.

Nani anashauri na nani anawajibika

Sheria imeunda chombo huru, Kamati ya Mabadiliko ya Tabianchi, chenye wataalamu wa sayansi, uchumi na fani nyengine. Kamati hupendekeza kiwango cha kila bajeti na kila mwaka hupeleka Bungeni ripoti ya maendeleo, ambayo Serikali inalazimika kuijibu. Mwezi wa Februari 2025, kwa mfano, Kamati ilipendekeza tani milioni 535 kwa bajeti ya saba, ya 2038 hadi 2042.

Ifahamike kwamba Kamati haitungi sheria. Waziri ndiye anayeiwasilisha bajeti na Bunge ndilo linaloipitisha, na Waziri akichagua kiwango kisichokuwa kile kilichopendekezwa hana budi kutoa sababu hadharani. Aidha, baada ya bajeti kupitishwa, Waziri anatakiwa kuandaa sera zitakazowezesha kuifikia na kuzieleza mbele ya Bunge. Kipindi kinapomalizika hutolewa taarifa ya mwisho ya hesabu. Bajeti ikivukwa, Waziri atapaswa kueleza vipi ziada hiyo itafidiwa katika vipindi vijavyo.

Sheria imeacha nafasi ndogo ya kusogeza hesabu. Serikali inaweza kukopa kutoka bajeti inayofuata kiasi kisichozidi asilimia moja. Inaweza pia kulipeleka mbele salio la kipindi kilichopita, baada ya kupata ushauri wa Kamati. Nafasi hiyo ya pili imezusha mjadala, kwa kuwa salio likipelekwa mbele hulegeza bajeti inayofuata. Mwaka 2024 Kamati iliishauri Serikali isilitumie salio la kipindi cha tatu kwa njia hiyo.

Mahkama zilivyoamua

Sheria haikutaja faini wala kifungo kwa Waziri atakayeshindwa. Kwa sababu hiyo wapo waliodhani kuwa ni maneno matupu. Kesi mbili zimeonesha kuwa sivyo.

Mwezi wa Julai 2022 Mahkama Kuu ya London iliamua kuwa mpango wa Serikali wa kufikia lengo la 2050 haukukidhi sheria. Waziri alikuwa ameuidhinisha bila ya kupewa maelezo ya kutosha kuhusu mchango wa kila sera. Hesabu za maofisa wenyewe zilionesha kuwa sera zilizoweza kukadiriwa zingeleta asilimia 95 tu ya upungufu uliohitajika kwa bajeti ya sita, na Bunge halikuelezwa hivyo. Serikali ilitoa mpango mwengine Machi 2023. Mwezi wa Mei 2024 Mahkama iliukataa nao, kwa kuwa ulijengwa juu ya dhana kwamba kila sera itatekelezwa kwa ukamilifu, dhana ambayo taarifa zilizokuwepo hazikuithibitisha. Mpango mpya ulitolewa Oktoba 2025.

Katika kesi zote mbili Mahkama haikumchagulia Waziri sera za kufuata. Ilichosema ni kuwa hesabu lazima ifanywe kwa ukweli na ioneshwe kwa Bunge. Hiyo ndiyo nguvu ya bajeti iliyomo katika sheria: mwananchi au jumuiya inaweza kuidai.

Mafanikio na mapungufu

Bajeti tatu za mwanzo zote zilifikiwa, na kufikia 2023 gesijoto ya Uingereza ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na 1990. Sehemu kubwa ya upungufu huo imetokana na kuacha makaa ya mawe, ambayo mwaka 2012 yalitoa takriban asilimia 40 ya umeme wa nchi hiyo. Mtambo wa mwisho wa makaa, wa Ratcliffe-on-Soar, ulifungwa tarehe 30 Septemba 2024.

Hata hivyo, si haki kuyahesabu yote hayo kuwa kazi ya sheria. Kuzorota kwa uchumi kulikoanza 2008 kulisaidia kuifanya bajeti ya kwanza iwe rahisi. Pia bajeti huhesabu gesi inayotolewa ndani ya nchi tu. Chuma au nguo ikitengenezwa nje na kuuzwa Uingereza, moshi wake huandikwa katika daftari la nchi iliyoitengeneza. Vilevile, kazi iliyobaki ya kubadilisha magari, mifumo ya kupasha joto nyumba na kilimo inaigusa kila familia, nayo ni ngumu kuliko kufunga mitambo ya umeme.

Zaidi ya hayo, sheria iliyotungwa na Bunge inaweza kufutwa na Bunge. Mwezi wa Oktoba 2025 kiongozi wa chama cha Conservative, Kemi Badenoch, alitangaza kuwa chama chake kitaifuta sheria ya 2008 kikirejea madarakani. Bajeti ya kaboni inaifunga serikali iliyopo, lakini haiwezi kuyafunga maoni ya wapiga kura wa kesho.

Nchi nyengine

Nchi nyengine za visiwa zimefuata utaratibu huo kwa marekebisho yao. New Zealand ilirekebisha sheria yake mwaka 2019, ikaunda kamisheni huru, na kwa kuwa ni nchi ya mifugo mingi, methani itokanayo na viumbe iliwekewa lengo lake pekee. Ireland ilirekebisha yake mwaka 2021. Bajeti yake ya 2021 hadi 2025 iliwekwa kuwa tani milioni 295, na ile ya 2026 hadi 2030 tani milioni 200. Huko, kiasi kinachozidi katika kipindi kimoja hukatwa katika kipindi kinachofuata.

Katika Afrika Mashariki, Kenya ilitunga Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2016, ambayo iliunda Baraza la Taifa chini ya uenyekiti wa Rais, lakini haikuweka bajeti za kaboni. Tanzania, katika mchango wake wa kitaifa uliowasilishwa 2021, iliahidi kupunguza kati ya asilimia 30 na 35 ifikapo 2030. Asilimia hizo zimepimwa dhidi ya kiasi ambacho kingetolewa kama hakuna hatua yoyote ingechukuliwa. Hicho ni kipimo tafauti na bajeti: gesi ya nchi inaweza kuongezeka na ahadi bado ikawa imetimizwa. Kwa nchi ambayo wananchi wake wengi hawajapata umeme wa kutosha, na ambayo mchango wake katika tatizo ni mdogo sana, kipimo hicho kina sababu zake.

Mambo ya kuangaliwa

Ahadi ya nchi yoyote, kubwa au ndogo, inaweza kupimwa kwa maswali manne. La kwanza, ni tani ngapi kwa jumla, na katika miaka ipi? La pili, ni gesi gani na shughuli zipi zimeachwa nje ya hesabu? La tatu, nani asiyekuwa Serikali anayeikagua hesabu hiyo? La nne, ikivukwa, nani atasimama mbele ya Bunge au Mahkama kujieleza?

Ahadi isiyojibu maswali hayo inaweza kuwa njema, ila haina wa kuulizwa. Na kwa mkulima wa mpunga ambaye shamba lake limefikiwa na maji ya chumvi, tafauti kati ya tani 725 na tani 950 haiwezi kurejeshwa kwa hotuba ya mwaka wa kumi.