Kabla hujaandika barua ya kuomba radhi

Joseph Small hakutaka msamaha wa Rais. Alikuwa baharia Mweusi wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, na mwaka 1944 alihukumiwa kwa kosa la uasi pamoja na wenzake 49. Miaka mingi baadaye, walipojitokeza watu wa kumwombea msamaha, alikataa. Msamaha, kwa hesabu yake, ulimaanisha kwamba kosa analo, ila ameachiliwa. Yeye alitaka hukumu ifutwe na mshahara wake uliopotea urudishwe. Alifariki mwaka 1996 bila kupata lolote kati ya hayo.

Namleta Small katika safu hii inayosomwa Kahama, Geita na Shinyanga mjini kwa sababu ya karatasi moja ninayokutana nayo katika mafaili ya watu waliofukuzwa kazi kwa utovu wa nidhamu. Ni barua ya mkono, imeandikwa siku ya pili au ya tatu baada ya tukio, wakati mtu bado ana kizunguzungu. Shemeji au jirani amemshauri ajishushe. Basi ameandika kwamba shetani alimpitia, anaomba asamehewe, hatarudia tena. Kazi haikurudi. Baada ya miezi kadhaa anakuja kwa wakili akitaka kukata rufaa kwamba hakutenda kosa lolote, na barua ile imekaa kwenye faili la mwajiri ikimsubiri.

Kuomba kusamehewa ni jambo moja, kuomba uamuzi usahihishwe ni jingine, na sheria huyapeleka kwenye milango tofauti. Kesi ya Small inalionyesha hilo kuliko nyingine ninayoijua, tena ni kesi ya baruti, kitu ambacho watu wa huku kwenye migodi hatuhitaji kuelezwa.

Port Chicago ilikuwa bandari ya silaha huko California. Waliobeba mabomu na kuyapanga melini walikuwa mabaharia Weusi, na maofisa wao wote walikuwa Wazungu. Hawakufundishwa kushughulikia milipuko. Maofisa walishindanisha vikosi kuona nani atapakia haraka zaidi, na baadhi yao wakawekeana dau. Usiku wa Julai 17, 1944, saa nne na dakika kumi na nane, shehena ililipuka. Watu 320 walikufa, karibu theluthi mbili yao wakiwa Weusi. Walionusurika wakapewa kazi ya kuokota mabaki ya wenzao. Maofisa wakapewa likizo ya siku 30, mabaharia wakanyimwa.

Agosti 9, wiki tatu tu baadaye, waliamriwa kwenda kupakia mabomu tena katika bandari nyingine, Mare Island. Watu 258 walikataa. Wakaambiwa uasi wakati wa vita adhabu yake ni kifo, na 208 wakarudi nyuma na kukubali kufanya kazi, lakini hao nao walitiwa hatiani katika mahakama ndogo za kijeshi. Hamsini waliobaki walishtakiwa kwa uasi. Kesi ilianza Septemba na kwisha Oktoba, na jopo lilichukua dakika 80 kuwatia hatiani wote hamsini. Ukigawanya, kila mtu alipata kama dakika moja na nusu ya kufikiriwa. Adhabu ilikuwa kifungo cha miaka 15 na kufukuzwa jeshini kwa fedheha, ingawa baadhi yao walipunguziwa miaka mapema.

Thurgood Marshall, ambaye baadaye angekuwa jaji wa kwanza Mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani, aliifuatilia kesi hiyo na kuandaa hoja za rufaa. Hakusimama kwenye huruma. Alishika jina la kosa. Uasi unataka kusudio la kupindua mamlaka ya wakubwa, naye akasema hawa walikuwa tayari kutii kila amri isipokuwa moja, waliyoiogopa. Hata kama walikosa, kosa lao lilikuwa kukaidi amri. Rufaa haikufaulu. Januari 1946, vita ikiwa imekwisha, wengi wao waliachiliwa kimyakimya, lakini hukumu ikabaki kwenye kumbukumbu zao.

Mwaka 1994 Jeshi la Wanamaji lilipitia tena mashauri hayo na kuyaacha yalivyo: likakiri kwamba upangaji wa kazi ulikuwa wa kibaguzi, lakini likasema kesi zenyewe hazikuwa na kasoro. Mwaka 1999 mmoja wao, Freddie Meeks, aliomba msamaha wa Rais na Bill Clinton akampa. Simlaumu, alikuwa mzee na alitaka kufa bila doa. Ila hukumu yake haikufutwa kwa msamaha ule. Ilifutwa Julai 17, 2024, miaka 80 kamili baada ya mlipuko, pale Waziri wa Jeshi la Wanamaji, Carlos Del Toro, alipofuta hukumu za mabaharia 256. Wawili kati ya wale 258 walikwisha kuondolewa hatia zamani.

Sababu zilizotajwa mwaka 2024 zinafaa kusomwa polepole. Washtakiwa walishtakiwa kwa pamoja ingawa maslahi yao yaligongana. Hawakupata nafasi ya kweli ya kutetewa na wakili. Walihukumiwa kabla ripoti ya uchunguzi wa mlipuko haijakamilika, ripoti ambayo ingeweza kuwasaidia kujitetea. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayosema kwamba walikuwa watu wema. Zote zinahusu namna uamuzi ulivyofikiwa.

Baharia wa Marekani anayefukuzwa leo ana njia zilizochongwa mahususi kwa ajili yake. Kuna bodi inayopitia hati za kuachishwa, ambayo hupokea maombi ndani ya miaka 15, na ipo nyingine ya kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, yenye ukomo wa miaka 3 tangu mtu agundue kosa, ila inaweza kupuuza ukomo huo ikiona haki inadai hivyo. Hati zenyewe zina madaraja, kuanzia kuachishwa kwa heshima hadi kufukuzwa kwa fedheha, na daraja ndilo huamua mafao na mara nyingi hata ajira. Tangu 2014 bodi hizo zimeelekezwa kuwasikiliza kwa upole wanaodai kwamba utovu wao wa nidhamu ulitokana na majeraha ya akili ya vita. Mtu aliyeokota viungo vya wenzake, kisha akaogopa kushika bomu, angekuwa na la kusema mbele yao.

Sisi hatuna bodi ya namna hiyo. Tuseme kijana wa Msalala alijiunga na jeshi, akapelekwa Kamandi ya Wanamaji kule Kigamboni, kisha akaondolewa kwa utovu wa nidhamu. Amerudi nyumbani na anataka kazi ya ulinzi mgodini. Swali la kwanza litakuwa: uliachaje jeshi? Huko ndiko karatasi yake inakoanza kumkaba.

Kosa la kwanza wanalofanya vijana kama huyu ni kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Wanapoteza nauli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwanzoni kabisa, imewaweka kando askari wa JWTZ, Polisi, Magereza na JKT. Nidhamu ya jeshi inaongozwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, na ngazi za kulalamika ziko humohumo jeshini. Anayezifahamu azipande kwanza, kwa maandishi, kwa sababu Mahakama Kuu humuuliza kila anayekuja kama alimaliza njia za ndani.

Njia ya Mahakama Kuu ni mapitio ya mahakama. Mwombaji huomba kibali kwanza, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi anaoulalamikia. Akipewa kibali ana siku 14 za kuleta maombi yenyewe. Jaji hataki kujua kama kweli ulilewa lindoni. Anachouliza ni kama aliyekufukuza alikuwa na mamlaka hayo, kama ulisikilizwa, kama utaratibu ulifuatwa, kama yalizingatiwa yasiyohusika au yakaachwa yanayohusika, na kama uamuzi ni wa aina ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuufikia. Mahakama ya Rufani iliviorodhesha vigezo hivi mwaka 1990 na hadi leo mawakili tunavikariri. Haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa imo pia katika Katiba, ibara ya 13(6)(a).

Mteja apaswa kuambiwa mapema kwamba akishinda, mara nyingi hapati zaidi ya uamuzi wa kwanza kufutwa. Mamlaka inaweza kuanza upya na kumfukuza tena, safari hii kwa utaratibu sahihi. Wapo wanaonikasirikia nikisema hivi, kana kwamba ni mimi niliyeitunga sheria.

Msamaha wa Rais nao upo, katika ibara ya 45 ya Katiba, kwa mtu aliyetiwa hatiani na mahakama. Anayeupata anaachiliwa adhabu. Small angetuambia kilichobaki.

Kuchelewa ndiko kunakozika maombi mengi. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba anayeomba kuongezewa muda aeleze kila siku ya kuchelewa kwake. Kuumwa bila cheti cha hospitali hakutoshi, wala kusema ulikuwa kijijini unalima. Iko pumzi moja: ikiwa uamuzi wenyewe una uvunjaji wa sheria unaoonekana waziwazi, hiyo inaweza kuwa sababu ya kuongezewa muda. Kenya wameuonja uchungu huu wa kuchelewa. Askari wa anga waliotimuliwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 walifika mahakamani miongo kadhaa baadaye. Baadhi walilipwa fidia kwa mateso waliyoyapata. Wengine waliulizwa walikuwa wapi siku zote.

Sasa tuje mgodini, ambako ndiko wengi wa wasomaji wangu wanakofukuzwa. Mfanyakazi wa Geita au Bulyanhulu, tofauti na askari, ana CMA. Ana siku 30 tangu kuachishwa kupeleka mgogoro wake kwa Fomu namba moja. Akichelewa, aambatanishe Fomu namba mbili na maelezo ya kuchelewa. Uamuzi wa CMA usipomridhisha, ana wiki 6 za kuomba marejeo Mahakama Kuu, na Shinyanga tuna masjala yake. Sheria inamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili, sababu halali na utaratibu wa haki, na mzigo huo wa kuthibitisha ni wake yeye mwajiri.

Hapa hoja ya Marshall inarudi na buti za mgodini. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataja makosa yanayoweza kuhalalisha kufukuzwa: kukosa uaminifu kwa kiwango kikubwa, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi, uzembe mkubwa, kushambulia mtu, ukaidi mkubwa. Neno la kipimo, “kubwa”, linafanya kazi hapo. Mfanyakazi aliyegoma kuingia chini mara tu baada ya mlipuko kwa kuwa moshi haujatoka, akamweleza msimamizi wake hivyo na akawa tayari kufanya kazi nyingine, hawezi kuwekwa kapu moja na aliyemtukana msimamizi na kuondoka. Lakini sharti hoja hiyo iandikwe siku ileile. Ikija kutajwa kwa mara ya kwanza mbele ya mwamuzi itaonekana imepikwa.

Na barua ya kuomba radhi? Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu imewahi kuona kwamba mfanyakazi aliyekiri kosa hana pa kulalamikia kutofanyika kwa kikao cha nidhamu. Kwa maneno mengine, ile karatasi ya shetani alinipitia inaweza kukupokonya hoja mbili kwa mpigo, sababu na utaratibu. Kama kweli ulitenda, na unataka huruma ya mwajiri, iandike kwa kujua bei yake. Kama hukutenda, au ulitenda kitu tofauti na ulichoshtakiwa, usiandike kabisa.

Andika badala yake maelezo ya tukio: tarehe, saa, nani alitoa amri, aliitoa kwa maneno gani, ulijibu nini, nani alikuwapo. Omba nakala ya hati ya mashtaka na ya mwenendo wa kikao cha nidhamu. Nenda kikaoni na mwenzako wa kazini au mtu wa chama cha wafanyakazi. Ukiachishwa, dai cheti cha utumishi, kwa kuwa kupewa ni haki yako hata kama umefukuzwa. Asiye na fedha ya wakili aulizie msaada wa kisheria, ambao tangu 2017 una sheria yake na wasaidizi wake wako katika wilaya nyingi. Kila barua unayopeleka, jeshini au mgodini, ipeleke nakala mbili, na usiondoke kaunta kabla ya yako kugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.