Fahamu: Geophilus, tandu wa udongoni wasio na macho

Geophilus ni nini?
Ni jenasi ya tandu wembamba wanaoishi ndani ya udongo, chini ya mawe na katikati ya majani yanayooza. Mwanasayansi Mwingereza William Elford Leach aliipa jina hilo mwaka 1814. Spishi zake nyingi zinazofahamika vizuri ni za Ulaya.

Umbo lake likoje?
Mwili ni mrefu, wa rangi ya manjano hadi kahawia, nao hurefuka na kufupika kama wa nyungunyungu anapopenya ardhini. Macho hana kabisa. Hutegemea vipapasio viwili, kila kimoja kikiwa na pingili 14. Nyuma ya kichwa zipo kucha mbili za sumu za kukamatia mawindo.

Kila pingili yenye miguu ya kutembelea hubeba jozi moja tu, tofauti na jongoo. Cha ajabu, idadi ya jozi hizo huwa witiri daima. Kwa hiyo tandu mwenye miguu 100 kamili, yaani jozi 50, usimtafute hapa. Jozi ya mwisho kabisa hutumika kupapasa, si kutembea.

Wanafika wapi?
Mwaka 2015 wanasayansi walieleza Geophilus hadesi kutoka mapango ya milima ya Velebit, Kroatia. Alipatikana hadi kina cha takriban mita 1,100, akiwa na miguu na vipapasio virefu kuliko kawaida.

Ni hatari?
Kwa minyoo na wadudu wadogo, ndiyo. Kwa binadamu, hapana. Ukimkuta bustanini mwache.